Kabla ya Kuita Majina

Chuoni, Bweni la Pili
Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la Mama limeanza kupungua uvimbe. Mwambie aache kusimama siku nzima kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya wagonjwa yalikuwepo kabla yake na yataendelea kuwepo. Najua hatanisikia, lakini wewe mwambie hivyohivyo.

Mimi sijambo. Mwenzangu wa kitanda cha juu, yule tunayemwita Mrefu, anakusalimu sana. Anasema hajawahi kuona mtu anayepokea barua za karatasi zama hizi, na kila bahasha yako ikifika anaiinua kwenye mwanga kana kwamba ndani kuna mali ya wizi. Nilimweleza kwamba mimi na wewe simu hatuiwezi. Nikamwambia, "Mjomba akinipigia, tunasikilizana pumzi mpaka salio linakwisha." Alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye dari.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mazoezi ya kufundisha yanaanza tarehe 12 Mei. Wiki nane, kwenye shule ya kweli, mbele ya watoto wa kweli, si sisi kwa sisi tunaojifanya watoto. Orodha ya shule itabandikwa mwezi ujao. Wenzangu wanazungumzia nguo watakazovaa. Mimi najifungia bafuni naita majina ya watoto ambao sijawaona. Nikiwa peke yangu yanatoka yote, mteremko mtupu. Unajua jinsi kigugumizi chetu kilivyo na hila.

Juzi mkufunzi wetu wa hesabu alituuliza kila mmoja anatarajia nini huko aendako. Ilipofika zamu yangu nikasimama, ulimi ukagoma, na yeye akatazama nje ya dirisha kwa utulivu, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikasema nataka mtoto aliyeshindwa hesabu za sehemu atoke darasani kwangu akiziweza. Ni hilo tu. Wengine walisema watabadilisha taifa.

Mjomba, huu ni mwaka wa tatu niko hapa na hujaniambia hata siku moja unaonaje mimi kuwa mwalimu. Unauliza kama nakula. Nakula. Sasa sema.

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani
Tarehe 21 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilifika salama. Goti la mama yako lina nafuu. Nilimfikishia ujumbe wa mashuka, akasema nikuambie uhangaike na yako. Kwa hiyo ni mzima.

Kazi ipo. Mchinjaji wa kona ameniletea mizani yake kwa mara ya tatu, anadai inampunja. Nimeifungua yote. Springi nzima, sahani haijapinda, mshale unasimama kwenye sifuri kama askari. Nimemwambia haina kosa. Hakupenda. Miaka yote hii natengeneza mizani, sijaona mtu hata mmoja aliyeileta akilalamika kwamba inampendelea.

Karakana imekuwa kimya tangu likizo yako iishe ukaondoka. Zamani ulikuwa ukikaa juu ya lile sanduku unaongea tangu utoke shule mpaka jua linazama, unakwama, unaendelea, unakwama, unaendelea, na mimi sina haraka ya kwenda popote. Ndipo nilipokuita Chiriku. Mama yako alidhani nakutania.

Kuhusu ulichouliza. Ofisi ya vipimo wanatafuta karani wa masijala. Chumba chenyewe nakijua. Kina dirisha kubwa, makabati ya mafaili, meza moja. Watu wanaingia, wanaacha karatasi, wanatoka. Mkuu wa pale ananifahamu kwa sababu kazi zangu ndiye anayezikagua. Hesabu unazijua na mwandiko wako unasomeka. Fikiria.

Usiache kula.

Mjomba wako


Chuoni, Bweni la Pili
Tarehe 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama bado ana ulimi mkali. Mpe pole ya goti na pole ya kukaa na wewe.

Nilikuuliza kuhusu ualimu, ukanijibu kuhusu kabati la mafaili. Nimecheka, kisha nikasoma tena nikaacha kucheka. Asante kwa kunitafutia, lakini kazi hiyo mpe mwenye kuitaka. Mimi nikikaa na mafaili mwezi mmoja nitaanza kuyafundisha.

Orodha imetoka! Nimepangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, Darasa la Tano, hesabu, watoto hamsini na mmoja. Jumamosi mimi na Mrefu tulikwenda kuichungulia. Geti lilikuwa wazi, mlinzi anafua soksi zake bombani, akaturuhusu. Nimekaa kwenye dawati la nyuma la darasa langu. (Umeona nilivyoandika? Langu.) Madirisha mawili hayana vioo, ubao una ufa katikati, na humo ndani mnanuka sabuni kana kwamba kila kitu kimeoga sasa hivi. Nilisimama mbele, nikaandika tarehe kwa chaki, Mrefu akapiga makofi, mlinzi akaja mbio kuangalia kuna nini.

Nimeanza kukata maboksi kuwa miduara kwa ajili ya somo la sehemu. Nusu, theluthi, robo. Chini ya kitanda changu pamejaa, mpaka viatu nimevihamishia dirishani. Nimeandika andalio la somo la kwanza mara nne. Kuna maneno nimeyatoa kwa sababu najua yatanigomea, nikaweka mengine. Halafu jana nikayarudisha. Mojawapo ni "sawasawa". Hesabu bila neno "sawasawa" haiendi mbali.

Bado hujasema, lakini.

Mpwa wako,
Chiriku


Chuoni
Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama asalimiwe. Mimi ni mzima.

Jana niliitwa ofisini kwa mkuu wa taaluma. Ni baba mmoja mtaratibu, hapendi kuudhi mtu, na nilipoona anapanga kalamu zake mezani kabla ya kuongea nikajua kuna jambo. Akasema, "Tumepokea barua kutoka nyumbani kwenu. Inahusu hali yako." Akafungua faili, akaisogeza ili nisome.

Sikuhitaji kusoma. Herufi zako nazijua tangu sijaanza shule. Hizo g zenye mkia uliokunjwa kama ndoano, ni wewe uliyenifundisha kuziandika.

Nilisoma hata hivyo. "Ana kigugumizi kikubwa." "Watoto watamfanyia dhihaka na itamvunja." "Naomba kwa heshima asipelekwe darasani, apangiwe maktaba." Mwisho umesaini "Mlezi".

Mkuu wa taaluma anasema jina langu limewekewa alama kwenye orodha mpaka mwisho wa mwezi. Wakiona inafaa watanihamishia kitengo cha maktaba. Nitamaliza chuo na cheti, ila hakitakuwa cha ualimu. Aliniuliza nina la kusema. Nilikuwa nalo, lakini siku hiyo hata silabi moja haikutoka, Mjomba. Hata moja. Nikatikisa kichwa kama bubu na nikatoka. Bila shaka ameona barua yako ina ukweli.

Maisha yangu yote watu wananimalizia maneno. Madukani, darasani, kanisani. Wewe hukuwahi kuwa mmoja wao.

Mpwa wako


Nyumbani
Tarehe 14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mvua zimeanza, paa la karakana linavuja pale juu ya meza, nimeweka ndoo.

Barua yako nimeipata. Nilifanya kwa wema. Watoto ni wakali kuliko unavyowajua, na darasa si karakana. Sikutaka uumie. Nilidhani wangeliamua wenyewe bila kukuonyesha mwandiko.

Mama yako hajui habari ya barua ile. Naomba asijue.

Mchinjaji amenunua mizani mpya. Nayo anasema inampunja.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mjomba wako


Nyumbani
Tarehe 27 Aprili

Mpwa wangu,

Siku kumi na tatu. Mama yako akiuliza, namwambia posta imechelewa. Jana alinitazama sana, kisha akasema, "Posta ya nani?" Nikainama kwenye kazi.

Nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama yako analijua nusu. Anajua kwamba nilipokuwa na umri wako nilisoma ualimu, nikarudi nyumbani kabla ya kumaliza kwa sababu ya homa. Ndivyo nilivyowaambia, na kwa kuwa hakuna aliyependa kuona nikihangaika kujieleza, hakuna aliyeuliza zaidi. Kigugumizi kina faida yake hiyo. Sikuwa na homa.

Nilikwenda mazoezini kama unavyotaka kwenda wewe. Nilikuwa na koti jipya na boksi la chaki zangu mwenyewe, nikidhani za shule hazitatosha. Walinipa Darasa la Nne. Siku ya kwanza mwalimu mkuu aliita majina yeye. Siku ya pili akaniachia rejista. Majina arobaini na nane. Kabla sijafika la kumi ilikuwa imeshageuka mchezo. Nikikwama, watoto wanabahatisha kwa sauti ni nani ninayemwita, na aliyepatia anapigiwa makofi. Hawakuwa watoto wabaya. Hata mimi nilicheka kidogo. Siku ya sita mkufunzi kutoka chuoni alikuja kunikagua, akakaa nyuma, na kila nilipokwama akawa anawaambia watoto, "Anataka kusema pembetatu." "Anataka kusema kugawanya." Kisha akanishika bega, akaniambia nijitahidi. Hilo nalo nikalimeza.

Siku ya tisa tulikuwa na kusoma kwa sauti. Nilimchagua msichana mmoja wa dawati la mbele, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea. Akasimama na kitabu, akafungua mdomo, na nikasikia sauti yangu mimi. Kigugumizi kilekile, mpwa wangu, mpaka kutikisa kichwa. Darasa likalipuka. Mmoja akapaza sauti, "Kama mwalimu!" Yule mtoto hakuwatazama wenzake. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja nifanye kitu.

Nilimwambia aketi. Na lilitoka bila kukwama, safi, kama maji. "Keti. Mwingine asome."

Kengele ya mapumziko ilipolia nilitoka kama ninayekwenda msalani na sikurudi. Koti lilibaki kwenye kiti.

Kwa miaka zaidi ya thelathini nimejiambia kwamba nilikimbia kicheko cha watoto. Ni rahisi kuisema hiyo. Nilipoandika ile barua kwa wakuu wako nilijiambia nakukinga na kicheko hichohicho. Mpaka uliponiandikia kwamba sikuwahi kukumalizia maneno. Niliiweka barua yako mezani, nikashindwa kufanya kazi siku ile, kwa sababu niliona vizuri nilichokifanya. Wewe umesimama na kitabu chako, na mimi nimekuambia uketi.

Sikuombi uache kunikasirikia. Nakuomba usiketi.

Mjomba wako


Chuoni, Bweni la Pili
Tarehe 6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mpe Mama salamu, na mwambie posta imepona.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa nimenuna. Ya pili, barua yako ya tarehe 27 ilinifikia Jumamosi, nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, na ilibidi nitoke kwenye foleni. Mrefu alidhani nyumbani kuna msiba. Nilimwambia, hapana, kuna mtu amesema.

Sitakudanganya kwamba hasira imeisha yote. Kidogo imebaki, nadhani itakwenda yenyewe. Lakini yule msichana wa dawati la mbele simtoi kichwani. Sasa ni mama wa mtu, labda ni bibi. Nakuwaza na wewe, umetoka nje bila koti. Mbona hukuniambia, Mjomba? Miaka yote ile nikikaa juu ya sanduku!

Sasa kuna lingine, na hili hukuliandika wewe. Jana mkuu wa taaluma aliniita tena. Nikaingia roho juu. Akasema, "Jina lako tumeliondolea alama. Utakwenda shuleni Jumatatu kama wenzako." Nikamuuliza imekuwaje. Akapanga kalamu zake kwanza. Akasema, "Mjomba wako alikuja hapa, siku ya Jumatano."

Akanieleza yote. Kwamba ulikaa kwenye kiti kile cha wageni kuanzia saa nne. Kwamba ulitaka kusema sentensi moja tu, ikagoma, na alipokusogezea karatasi na kalamu ulizirudisha. Akasogeza tena, ukarudisha tena. Basi akaacha kila kitu, akasubiri. Simu ikalia, hakuipokea. Karani akachungulia, akamfukuza kwa mkono. Anasema ilichukua muda mrefu kuliko anavyoweza kukadiria, na ulipomaliza ulikuwa umelowa jasho mpaka kwenye kola. "Barua yangu ilikosea, mpeni darasa lake." Halafu ukasimama, ukampa mkono, ukaondoka.

Aliniambia, "Nina vyeti vingi vya watu kwenye makabati haya, lakini sijawahi kumsikiliza mtu kwa makini namna ile." Kisha akasema kama mjomba wangu ameweza kukaa pale kwa ajili ya sentensi moja, watoto wa Darasa la Tano wataweza kunisubiri na mimi.

Mjomba, ulikuwa hatua mia moja kutoka bwenini kwangu. Mbona hukunitafuta?

Wiki hii ni ya kuagana. Mkufunzi wa hesabu amenipa mkono na boksi zima la chaki za rangi, akasema, "Zisirudi." Mpishi wa bwalo, yule anayenipakulia bila kusubiri niagize, leo kwa makusudi alishika upawa akaniuliza, "Nikupe nini?" Nikakwama mpaka foleni nyuma ikaanza kuguna. Akasimama palepale na upawa wake. Nilipomaliza akasema, "Haya, umeaga." Mrefu amepangiwa mbali, saa sita kwa basi. Usiku wote huu wa kufungasha anaimba ili asilie, na anaimba vibaya. Kitanda chake tayari ni godoro tupu lenye mistari. Nimekitazama nikaona chumba kimekuwa kikubwa ghafla.

Unajua ninachotumaini? Si kwamba kigugumizi kitapungua. Natumaini nitasimama pale hata siku nitakapokuwa vibaya. Na ile habari ya hesabu za sehemu, bado naitaka.

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani
Tarehe 12 Mei

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika leo asubuhi, siku yenyewe. Mama yako hajambo, amefuata ushauri wako kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, ameomba kazi ya kukunja mashuka akiwa ameketi.

Nilimwambia habari ya homa. Aliendelea kukunja kanga zake, akasema, "Nilijua. Mtu mwenye homa hasahau koti." Miaka yote hii alikuwa anajua. Sina la kuongeza.

Jumatano ile nilikuwa na mizani ya duka la dawa niliyotakiwa kuipeleka mjini kwenu. Nikaona nipite hapo chuoni kwa kuwa palikuwa njiani. Sikukutafuta kwa sababu basi lilikuwa linaondoka.

Leo saa mbili kamili niliweka bisibisi chini. Nilijua ndiyo saa ya kuita majina. Nilikaa tu. Mteja mmoja akaingia, akaniuliza kama naumwa, nikamwonyesha kwa kidole akae. Akakaa. Ilipofika saa mbili na nusu nikamwuliza shida yake.

Ushauri wangu ni wa siku tisa tu, kwa hiyo upime. Vaa viatu visivyobana. Usiwageuzie mgongo ukiandika, simama kwa upande. Ukikwama usitazame chini, mimi nilikuwa natazama chini, na ukitazama chini huwezi kujua nani anakucheka na nani anakungoja.

Hukuwahi kupata jibu la lile ulilouliza Februari. Naona utakuwa mwalimu mzuri. Niliona hivyo tangu zamani, ndiyo maana niliogopa.

Kula.

Mjomba wako


Nyuma ya kiwanda cha sabuni
Tarehe 24 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo wewe na Mama. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba nilichopewa na shule, kina meza inayoyumba na jirani anayepiga chafya kama bunduki. Nanuka sabuni mpaka kwenye nywele. Sijambo kabisa.

Mizani ya duka la dawa haipiti njia ya chuoni. Lakini sawa, nimekubali.

Wiki mbili zimekwisha. Mwalimu wa darasa, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitambulisha siku ya kwanza kisha akaniachia rejista na kwenda zake. Sikujieleza kitu, nilianza tu kuita. Kwenye jina la nne nikakwama na wakacheka. Nikatazama juu kama ulivyosema, ingawa barua yako ilikuwa bado haijafika. Ni kweli, hawacheki wote. Kuna wanaocheka, kuna wanaoshangaa, kuna mmoja alikuwa anakula penseli. Wa mbele akanimalizia lile jina kwa sauti. Nikamwambia, "Ngoja, nafika." Nikafika. Siku hiyo majina peke yake yalikula robo saa.

Kumekuwa na siku mbaya. Alhamisi ya kwanza kengele ililia nikiwa katikati ya "sawasawa". Kuna mvulana anayeniigiza bombani wakati wa mapumziko, na wenzake wanavunjika mbavu. Nilimfuma. Anaigiza vizuri, ila anakwama kwenye herufi ambazo mimi hazinisumbui, nikatamani kumsahihisha. Na kuna habari njema. Ile miduara ya maboksi imefanya kazi yake. Ijumaa mtoto mmoja aliyekuwa akijumlisha nusu na robo anapata mbili ya sita, aliweka vipande mezani, akavitazama, akasema kwa hasira, "Kumbe!" Nimetembea na neno hilo wiki nzima.

Lakini ninalotaka kukueleza ni jingine, na sijamwandikia hata Mrefu.

Kuna msichana anakaa karibu na dirisha lisilo na kioo. Jina lake linaanza na ile sauti ambayo hainipi nafasi hata bafuni. Siku ya kwanza nilipolifikia niliinua macho, nikamwona ameketi pale ameshainua mkono, maana wanajua mpangilio wa majina, nikaweka alama na kupita. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Nikajiambia naokoa muda. Hakuna aliyegundua, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu nisahau.

Jumanne hii, wakati wa mapumziko, nafuta ubao, nikasikia mtu nyuma yangu. Ni yeye, mikono nyuma.

Akasema, "Mwalimu, mimi huniiti."

Nikamwambia, "Lakini nakuwekea alama kila siku. Nakuona upo."

Akafikiri. Akasema, "Wote unawaona wapo. Mbona wao unawaita?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama anavyouliza hesabu. Nilisimama na dasta mkononi, vumbi la chaki linanishukia kwenye viatu, na nikaona kwamba na mimi nimeshapata mtu wa kumkalisha chini, na hata wiki mbili hazijaisha. Nikamwambia, "Kesho nitakuita." Akaitikia kwa kichwa, akakimbilia nje kucheza.

Jumatano nilianza kuita. Nilipokaribia jina lake nilimwona ameshasimama kabla ya zamu yake, ameshika ukingo wa dawati. Nikafungua mdomo, likagoma. Likagoma kweli, si mchezo. Kuna aliyekohoa. Kuna aliyeanza kucheka, mwenzake akamgusa kiwiko. Yule mvulana wa bombani alikuwa ametoa macho, mdomo wazi, nadhani alisahau kuniigiza. Nilitazama dirishani anakokaa yule msichana na sikushusha macho, na yeye hakuketi. Jina likatoka vipande vipande, cha mwisho kikiwa kidogo kama mnong'ono, lakini lilitoka lote.

"Nipo," akasema, akaketi.

Nikaweka alama, nikaenda kwenye jina linalofuata.

Mpwa wako,
Chiriku